Stesheni ya Reli ya Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila mtu anaposikia kwamba nafuatilia habari za reli ya Tanga. Wanaouliza ni wageni walioshuka stendi ya Kange na kutaka kuiona "stesheni ya Mjerumani", wanafunzi wenye kazi za historia, wajukuu wa watumishi wa reli, na wasafiri ambao shida yao ni moja tu: treni ipo au haipo?

Kabla hujaanza kusoma, shika jambo hili: reli ya Tanga ilijengwa ili kushusha mzigo kutoka bara hadi melini. Abiria walibebwa, na walibebwa wengi, lakini mzigo ndio uliochagua njia, mwelekeo na mahali pa stesheni. Ukishalishika hilo, mengi yanayoshangaza kuhusu stesheni hii yataacha kukushangaza.

## Mambo ya kwanza

Stesheni iko wapi hasa?

Iko mjini, mahali ambapo mji wa zamani wa Kijerumani unapakana na Ngamiani. Reli ndiyo mpaka. Upande wa kaskazini kuna maofisi, benki, boma la zamani na bandari. Upande wa kusini kuna Ngamiani na mitaa yake inayoitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Mtu wa Ngamiani akienda bandarini anavuka reli, na akirudi anaivuka tena.

Kutoka stesheni, njia inaelekea mashariki na kuzunguka hadi bandarini. Hapo ndipo reli ilipoishia, na kwa maana nyingine ndipo ilipoanzia, kwa kuwa vifaa vyote vya ujenzi vilishushwa kutoka melini.

Nikienda leo nitapata treni ya abiria?

Usiende stesheni ya Tanga na begi ukitegemea kupanda treni ya kwenda Dar es Salaam au Arusha. Treni ya abiria ya kaskazini iliyorejeshwa mwaka 2019 haipiti mjini Tanga. Inatoka Dar es Salaam, inaingia njia ya Ruvu, inatokea Mnyusi, inakwenda Korogwe na kuendelea Moshi. Tanga inabaki pembeni. Namna ya kuitumia treni hiyo ukiwa mtu wa Tanga imeelezwa kwenye sehemu ya huduma za sasa.

Reli ya Usambara, reli ya Tanga, reli ya kaskazini: ni reli moja au tatu?

Ni moja. Wajerumani waliiita Reli ya Usambara. Waingereza walipoichukua waliiita njia ya Tanga. Siku hizi watumishi wengi husema njia ya kaskazini, wakiijumlisha na kipande cha Ruvu hadi Mnyusi na kile cha Moshi hadi Arusha. Upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma, sawa na reli ya kati na reli ya zamani ya Kenya.

Ni kweli ndiyo reli ya kwanza Tanzania Bara?

Ndiyo. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905. Tanga ilitangulia.

Ila kutangulia kuanza hakukuwa kutangulia kufika. Soma jibu la swali la muda wa ujenzi hapa chini.

Kwa nini Tanga, badala ya Pangani au Bagamoyo iliyokuwa maarufu zaidi?

Kwa sababu ya maji. Pangani ina mto mkubwa na historia ndefu ya misafara, lakini mlango wake umezibwa na mchanga, na meli kubwa haiingii. Bagamoyo ni ufuko wazi, na jahazi husubiri maji kujaa na kupwa. Tanga ina ghuba pana iliyokingwa kwa nchi kavu, na meli ya mvuke iliweza kutia nanga humo kwa utulivu. Misafara ya miguu haikuhitaji bandari ya namna hiyo. Reli iliihitaji tangu siku ya kwanza, kwa sababu chuma chake, injini zake na mabehewa yake vyote vilikuja kwa meli.

Ndiyo maana mji ambao haukuwa na jina kubwa kama Bagamoyo ulipata reli, na Bagamoyo haijaipata hadi leo.

## Ujenzi na enzi za Wajerumani

Ilichukua muda gani kufika Moshi?

Takriban miaka 19, kwa kilomita 352. Kampuni binafsi iliyoundwa Ujerumani mwaka 1891 ndiyo iliyoanza. Ilifika Muheza, kilomita 40 hivi tu, mwaka 1896, ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Baada ya hapo ilisogea kwa hatua: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwanzoni mwa 1905, Buiko mwaka 1909, Moshi mwaka 1911, na huduma hadi Moshi ikafunguliwa rasmi mwanzoni mwa 1912.

Linganisha na reli ya kati: kilomita zaidi ya 1,200, kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914. Tofauti hiyo wengi huidhania ni ya milima. Milima ina sehemu yake ndogo, maana njia haipandi Usambara; inaizunguka kwa chini, kisha inafuata bonde la mto Pangani, Usambara ikiwa mkono wa kulia na baadaye milima ya Upare. Kilichochelewesha ni fedha na kutojua reli inakwenda wapi. Mwanzoni walikuwa na ndoto ya kuifikisha Ziwa Viktoria, kisha ndoto ikapungua ikawa kufika kwenye mashamba ya walowezi tu, kisha Kilimanjaro ikawavuta. Kila hatua iliombewa fedha upya Berlin.

Ni nani waliotoa jasho?

Wahandisi na wasimamizi walikuwa Wazungu, lakini tuta lilijengwa kwa mikono ya Waafrika, kwa jembe, sururu na karai. Swali hili naliomba lipewe uzito wake, maana vitabu vingi vya zamani hutaja jina la kila mhandisi na kuwaacha vibarua kama kundi lisilo na sura.

Pale reli ilipofika, mashamba yalifuata, na mashamba yalitaka watu. Wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, iliwekewa utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 ndani ya miezi minne. Kadi hiyo iliitwa kipande. Wazee wa milimani bado wanalitamka neno hilo kwa uchungu.

Mkonge unahusikaje na stesheni?

Unahusika kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1893, mwaka uleule kazi ya reli ilipoanza, Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ikapandwa ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba ambayo ukisafiri kutoka Pongwe hadi Mombo hata leo unayaona pande zote mbili, mistari iliyonyooka ya majani yenye miiba.

Mkonge na reli vilihitajiana. Jani la mkonge ni zito na limejaa maji. Nyuzi ni sehemu ndogo tu ya uzito wake. Kwa hiyo lilikatwa shambani, likasukumwa kwa vitoroli juu ya vijireli vyembamba hadi kwenye korona, yaani kiwanda cha kusindika, na huko likatolewa nyuzi. Nyuzi zikakaushwa juani, zikapigwa brashi, zikafungwa robota. Robota lilipandishwa kwenye behewa kubwa na kushuka Tanga. Mashamba mengi yalikuwa na njia yake ya pembeni inayoungana na reli kuu. Ukitembelea shamba la zamani, angalia mlango wa ghala la robota: mara nyingi kizingiti chake kipo juu usawa wa tumbo la mtu mzima. Si kosa la fundi. Hicho ndicho kimo cha sakafu ya behewa.

Zao lilipanda mpaka nchi ikatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Lilivyoanguka, na lilivyoiangusha reli, nimeeleza kwenye jibu la kwa nini treni zilikufa.

Nimesikia palikuwa na reli nyingine ndogo ya kwenda Amani. Ni kweli?

Ni kweli, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Ilitoka Tengeni, kwenye njia kuu baada ya Muheza, ikapanda hadi Sigi chini ya Amani, kilomita 23 hivi. Upana wake ulikuwa sentimita 75. Ilijengwa kati ya mwaka 1904 na 1910 na kampuni ya mbao, kwa ajili ya kushusha magogo ya msitu wa Usambara Mashariki. Mlima ulikuwa mkali kiasi kwamba pengine treni ililazimika kupanda kwa kwenda mbele, kusimama, kurudi nyuma kwenye njia ya juu zaidi, kisha kwenda mbele tena.

Wakati huohuo Amani palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1902, kwa hiyo reli ya magogo ilibeba pia wataalamu wa mimea. Reli imeng'olewa zamani. Nyumba ya stesheni masta wa Sigi bado imesimama. Imekarabatiwa na hutumika kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ukipanda Amani kwa gari, simama hapo.

Kulikuwa na jambo jingine la ajabu huko mbele, Mkumbara: kamba za chuma zilizoning'inizwa kutoka Shume juu ya mlima hadi relini, zikishusha magogo ya mtarakwa angani.

Vita vya Nyuki vilipiganwa stesheni?

Sehemu yake, ndiyo. Mwezi Novemba 1914 jeshi la Uingereza, wengi wao askari kutoka India, jumla watu 8,000 hivi, lilishuka upande wa Ras Kasone. Wajerumani na askari wao wa Kiafrika walikuwa kama 1,000. Hesabu hiyo ilisawazishwa na reli. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa na vikosi vyake kaskazini, upande wa Moshi. Alivipakia kwenye treni na kuvishusha Tanga usiku na mchana, wakati Waingereza wanapoteza siku kuulizana kama bahari imetegwa mabomu. Yeye mwenyewe aliwasili usiku, akachukua baiskeli na kupita mjini kwenda kutazama meli za adui bandarini. Mtu wa Tanga, mji wa baiskeli, akisikia habari hiyo hacheki, anaona ni jambo la kawaida kabisa.

Mapambano makali yalikuwa tarehe 4 Novemba. Ile njia inayozunguka mji upande wa mashariki, niliyoitaja katika jibu la kwanza, hupita kwenye mkato wa ardhi, na mkato huo ulitumika kama handaki. Baadhi ya Waingereza waliingia hadi mitaani wakarudishwa. Nyuki wa porini, waliovurugwa na risasi zilizopiga mizinga yao, waliwashambulia watu wa pande zote mbili. Waingereza walirudi melini wakiacha mamia ya maiti, bunduki nyingi na risasi 600,000. Upande wa Wajerumani walikufa askari Waafrika wengi kuliko Wajerumani, na hilo husahaulika.

Mji uliangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Julai 1916, baada ya Wajerumani kurudi nyuma wakiharibu njia ya reli.

## Kutoka Waingereza hadi ukimya

Ni kweli mtu aliweza kwenda Nairobi kwa treni kutoka Tanga kabla ya kuweza kwenda Dar es Salaam?

Kweli kabisa, na hapa ndipo watu hukaa kimya kidogo wakifikiri. Wakati wa Vita vya Kwanza Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupita Taveta ili kulisha jeshi lao, na ikaunganishwa na reli ya Tanga pale Kahe, karibu na Moshi. Kwa hiyo abiria wa Tanga angeweza kupanda hadi Kahe, kugeukia Voi, na kutoka Voi kuchagua Mombasa au Nairobi. Kumbuka kwamba kwa barabara ya pwani Mombasa ni jirani tu, lakini kwa reli ilibidi uzunguke hadi Kahe.

Kwenda Dar es Salaam kwa reli hakukuwezekana mpaka mwaka 1963, kilipofunguliwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kilomita 188. Miaka 70 ilipita tangu kazi ianze Tanga mpaka reli mbili za nchi moja zikutane. Mkoloni hakuona haja, kwa sababu kila reli ilikuwa na bandari yake, na mzigo wa Tanga haukuwa na shughuli Dar es Salaam. Watu walikuwa nayo, lakini reli haikupangwa kwa hesabu ya watu.

Arusha ilifikiwa lini?

Mwaka 1929, kilomita 86 kutoka Moshi.

Basi kwa nini treni zilikufa?

Zilikufa polepole, kwa sababu zilizofuatana. Ukisikia mtu anataja moja tu, jua amekata habari.

Ya kwanza ni mkonge wenyewe. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni katika miaka ya 1960, bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba yakazidi kudhoofika miaka iliyofuata. Behewa lililobeba robota likabaki tupu.

Ya pili ni mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikaunda shirika lake. Karakana kubwa ya pamoja ilikuwa Nairobi, ikabaki Nairobi. Mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na ile njia ya Kahe kwenda Voi ikapoteza maana yake.

Ya tatu ni barabara. Lami ilipokamilika kati ya Dar es Salaam, Segera, Tanga na Arusha, basi lilimfikisha mtu mchana uleule. Treni ya njia moja, inayosubiri kupishana stesheni baada ya stesheni, haikuweza kushindana nalo kwa mwendo.

Huduma ya abiria ilisimama katika miaka ya 1990. Mzigo uliendelea kwa kusuasua hadi mwaka 2007 hivi. Mwaka huohuo reli ilikabidhiwa kwa mkataba kwa mwekezaji kutoka India akishirikiana na serikali. Serikali ikaichukua tena mwaka 2011, na Shirika la Reli Tanzania, TRC, likaundwa upya mwaka 2017. Kwa miaka kama 12 nyasi ziliota katikati ya mataruma, na watoto waliozaliwa Korogwe walikua bila kusikia honi.

## Huduma za sasa

Ni nini kilichorudi?

Kilianza kurudi kile kilichoianzisha reli: mzigo. Mwezi Julai 2019 treni ya mizigo ilifika Moshi ikiwa na saruji. Abiria wakafuata Desemba 2019 kwa safari ya Dar es Salaam hadi Moshi, na Oktoba 2020 treni ikafika Arusha. Wazee walisimama kando ya njia kuipungia mkono.

Natoka Dar es Salaam na nataka kwenda Tanga kwa treni. Nishuke wapi?

Korogwe. Mnyusi ndiko njia inakoungana na reli ya Tanga, lakini Korogwe ndiko kwenye mji, stendi na magari ya uhakika. Kutoka hapo unapanda gari linalopitia Segera na Muheza hadi Tanga. Hesabu kilomita karibu 100. Treni ikifika usiku, panga mapema mahali pa kulala.

Jijini Dar es Salaam, panda kwenye stesheni ya treni za reli ya zamani; unaponunua tiketi uliza ni ipi. Usiende ile stesheni mpya yenye umbo la tanzanite; hiyo ni ya treni za SGR, yaani reli mpya ya kisasa, za Morogoro na Dodoma. Watu wamekwisha kukosa safari kwa kosa hili.

Kama haja yako ni kuwahi tu, panda basi. Ninakwambia hivyo nikiwa mpenzi wa reli. Treni ichukue kama una siku nzima na unataka kuiona nchi.

Ratiba naipataje?

TRC wenyewe, dirishani au kwa simu yao ya huduma kwa wateja, siku chache kabla ya safari na tena siku ya safari yenyewe. Usitegemee picha ya ratiba uliyotumiwa na rafiki. Njia hii inavuka mito na mabonde mengi, na mvua za masika zikikata tuta safari husimama bila kujali kilichochapishwa. Siku za kuelekea Krismasi, wakati watu wa Kilimanjaro wanapanda kwao, tiketi huisha mapema, nunua kabla.

Nina mzigo mkubwa. Reli ya Tanga inanifaa?

Inategemea mzigo na unakokwenda. Reli inafaa kwa kitu kizito, kingi, kisichoharibika na kisicho na haraka: saruji, mbolea, chuma, nafaka ya maghunia mengi. Haifai kwa machungwa ya Muheza yaliyokwisha kuiva. Kabla ya kukubaliana bei, uliza mambo matatu: nani anapakia, nani anapakua, na mzigo ukishushwa unaweza kukaa siku ngapi kabla ya kuanza kutozwa gharama ya kuhifadhi. Hilo la tatu ndilo linalokula faida ya wafanyabiashara wengi, kwa sababu behewa hufika siku ambayo lori lako halipo.

SGR itafika Tanga?

Serikali ina mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupita Arusha hadi Musoma, pamoja na matawi ya kwenda Minjingu kwenye fosfeti na Engaruka kwenye magadi. Utaona kwamba hata mpango huu unaanzia kwenye bandari na kuishia kwenye mzigo, na ule mkono wa Ziwa Viktoria ni ndoto ileile ya miaka ya 1890. SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ni ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma.

## Kutembelea stesheni

Naweza kuingia na kupiga picha?

Omba ruhusa kwanza. Ingia ofisini, msalimie unayemkuta, jieleze, kisha uliza. Stesheni na reli ni miundombinu inayolindwa, na mlinzi anayekukuta na kamera bila maelezo ana haki ya kukuzuia. Mara nyingi nimeona mtu aliyeanza kwa "shikamoo" akitembezwa mpaka mwisho wa jukwaa, na mwenzake aliyeanza na kamera akirudishwa getini.

Nikishapata ruhusa, nitazame nini?

Usitazame jengo tu. Inama. Reli nyingi za chuma zina maandishi yaliyochomoza ubavuni, kwenye ule wembamba wa katikati: jina la kiwanda na mwaka ilipotengenezwa. Yamejaa kutu na unaweza kuyasoma kwa kidole kabla ya kuyasoma kwa jicho. Kipande kimoja cha njia kinaweza kuwa na chuma cha miaka tofauti kabisa, kwa sababu reli hubadilishwa palipoharibika na penginepo huachwa.

Kisha tazama mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli kuzishika zisipanuke. Ya chuma yalipendwa huku kwetu kwa sababu mchwa hayawezi. Gonga moja kwa jiwe dogo; lina sauti ya sufuria iliyofunikwa, maana kwa chini lina uvungu unaoshika kokoto.

Na neno lenyewe lichukue nyumbani. Taruma ni neno la waunda vyombo: ni ule ubao wa kukazia, kama mbavu, ndani ya jahazi. Watu wa pwani walipoiona reli, walitazama kilicholala chini yake wakaona mbavu za chombo.

Baada ya stesheni niende wapi?

Boma la zamani, ambamo kuna makumbusho ya Urithi Tanga, na picha za mji wa wakati ule. Halafu makaburi ya waliokufa mwaka 1914. Yote unaweza kuyafikia kwa baiskeli.

Treni ni chache. Kuna ubaya gani kutembea juu ya reli?

Ni kosa kisheria, na uchache wa treni ndio unaoongeza hatari. Mtu anayepita njia ambayo treni hupita mara chache huacha kusikiliza. Treni nzito ya saruji haiwezi kusimama ndani ya umbali ambao dereva amekuona. Vuka palipowekwa kivuko, vuka kwa pembe ya mraba, na ukiwa na baiskeli shuka.

Nimeuziwa kiwanja karibu na reli. Ni salama?

Usilipe kabla hujathibitisha kwamba kiko nje ya hifadhi ya reli. Miaka ambayo treni haikupita iliwadanganya wengi. Walijenga na kulima wakiamini reli imekufa, na treni iliporejea wakawekewa alama ya X ukutani. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri na ofisi ya TRC, uoneshwe mpaka ardhini. Barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haitoshi.

## Maswali ya pembeni

Kuna miji mingine ya pwani yetu iliyowahi kuwa na reli ikaipoteza?

Ipo. Unguja ilikuwa na reli ya kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ilipita mitaani karibu sana na nyumba. Kusini, mradi wa Waingereza wa karanga baada ya Vita vya Pili ulizaa reli ya kwenda Nachingwea, kwanza kutoka upande wa Lindi, kisha kutoka Mtwara. Karanga hazikuota kama zilivyotarajiwa, na reli ikafungwa mwaka 1962. Ile ya Mtwara iling'olewa. Ya Tanga haikung'olewa, ndiyo maana mwaka 2019 palikuwa na kitu cha kufufua.

Babu yangu alikuwa mtumishi wa reli Tanga. Nitapata wapi habari zake?

Anza nyumbani. Tafuta kitambulisho, barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu, kitabu cha pensheni. Kimojawapo kitakuwa na namba yake ya kazi. Bila namba utatafuta jina kati ya majina yanayofanana. Andika pia kitengo chake: fundi wa karakana, mshika bendera, dereva, karani wa mizigo na fundi wa njia walikuwa na orodha tofauti.

Kisha jiulize alifanya kazi miaka gani. Kabla ya mwaka 1977 mwajiri wake alikuwa shirika la Afrika Mashariki. Baada ya hapo ni shirika la Tanzania. Kwa kumbukumbu za kikoloni nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukiwa na barua ya utambulisho. Kwa miaka ya karibuni anza na TRC.

Na kama babu bado yupo, achana na nyaraka kwanza. Kaa naye, muulize alipishana na nani Mnyusi, nani alikuwa stesheni masta Mkomazi, honi ilipigwa mara ngapi kabla ya kuondoka. Rekodi kwa simu, na umtaje jina lake mwenyewe mwanzoni mwa rekodi.